Chuo cha Kariobangi

Kwetu Pwani, mtoto akisema aenda chuoni hapana amwulizaye ni chuo gani: ni kwa maalimu, na ubao kwapani. Mpwa wangu naye yuko chuo cha uhandisi Nairobi, amepanga chumba Kariobangi. Niliposikia karo imemlemea, nilipanda basi kwenda kumrudisha nyumbani.

Nilimkuta kwenye karakana za Light Industries, miwani nyeusi machoni, akichomelea lango la chuma.

“Mjomba,” akaniambia, “hapa napata karo, na zaidi ya karo. Nilikuja nikijiona msomi. Hesabu nilizijua, lakini lango langu la kwanza lilipinda kwa moto. Fundi alitazama tu, akajua kosa. Siku niliposema, ‘Sijui, nifunze,’ ndipo nilipoanza kusoma.”

Nyumba ya fundi huyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizobomolewa Kariobangi North Mei 2020, mwezi wa Ramadhani, maelfu wakabaki nje na huku Korona imetanda. Akaanza upya. “Chuma kikipinda hakitupwi,” alimwambia mpwa wangu. “Hurudishwa motoni.”

Nikakumbuka ubao wetu. Ukikosea, wauosha kwa maji, waandika tena. Aliyebaki nyuma si aliyekosea, bali aliyeona haya kuuliza.

Nilirudi Mombasa peke yangu. Nauli niliyokuwa nimemwekea mpwa wangu nilimwachia, iwe sehemu ya karo.