Urani ya Namtumbo: karatasi inaizuia, sasa hatari iko wapi?



Juzi hapa Mchikichini kulizuka ubishi. Dogo mmoja anataka kwenda kutafuta kibarua kwenye urani ya Mkuju, Namtumbo. Wengine wakamwambia ukiigusa tu umekwisha. Wengine wakasema haina lolote, mionzi yake inazuiwa na karatasi. Nikaona wote wamepatia nusu.

Urani hurusha chembe za alfa: protoni 2 na nyutroni 2 zilizoshikamana. Chembe hiyo ni nzito mara 7,300 hivi kuliko elektroni, na inatoka kwa kasi ya kilomita 14,000 kwa sekunde. Lakini hewani haimalizi hata sentimeta 3. Kwa nini?

Fikiria unakatiza soko la Karume na elfu hamsini mfukoni. Ukipita mbio, hakuna machinga atakayekuwahi. Ukianza kupunguza mwendo, kila meza inakushika mkono: "kaka, cheki jinsi hii!" Kadiri unavyopoa ndivyo hela inavyotoka, na hatua chache za mwisho ndizo zinazokumaliza.

Alfa nayo ni hivyo hivyo. Chaji yake inavuta elektroni za kila atomu inayopita jirani. Hewani, kila elektroni inayong'olewa inaigharimu wastani wa elektroni-volti 35 hivi. Imeanza na milioni 4.2, kwa hiyo inang'oa kama laki moja na ishirini ndipo isimame. Ikipungua kasi, muda wa kuvutana unaongezeka, hivyo hasara kubwa inatokea karibu na mwisho wa safari. William Bragg aliliona hilo kule Adelaide, Australia, mwaka 1904, na Hans Bethe akalipigia hesabu mwaka 1930. Chaji nayo ina uzito wake: alfa ina chaji mara 2 ya protoni, na kwa kasi ileile inapoteza nishati mara 4.

Sasa mwilini. Ngozi ya juu iliyokufa inaizuia alfa. Ila ukivuta vumbi, mapafu hayana ngozi hiyo. Nishati yote inamwagwa kwenye seli chache zilizo hai, na hapo ndipo saratani inapoanzia. Kuna pia radoni, gesi inayozaliwa na urani, nayo inatoa alfa. Ndiyo iliyowaua kwa saratani ya mapafu wachimbaji wengi wa Ulaya na Marekani karne iliyopita.

Na msisahau, mabaki yanayozaliwa na urani yanatoa pia gama, ambayo karatasi haiizuii. Kwa hiyo muda unaokaa karibu na mawe una maana.

Dogo, kabla hujasaini mkataba uliza: vumbi linamwagiwa maji? Barakoa zipo? Kifaa cha kupima mionzi nitavaa? Nitaoga na kubadili nguo kabla ya kurudi kwa watoto? Msimamizi wa mambo haya ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Wana wajibu wa kukujibu.