Mguu Usiosikia Maumivu



Alhamisi Kuu, katika kigango kimoja chini ya Mlima Meru, mzee aliyechaguliwa kuoshwa miguu alivua kiatu, na sisi tulioshika beseni tukaona damu kwenye soksi. Msumari ulikuwa umetoboa soli, naye alikuwa ametembea nao tangu nyumbani. "Sikusikia kitu, Frateri," akaniambia.

Mzee huyo ana kisukari cha miaka mingi. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Mishipa iliyo mirefu kuliko yote ndiyo inayofika nyayoni, kwa hiyo ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu na kupanda polepole. Kidonda kisichouma hukanyagwa kila siku, huingiwa na vijidudu, na mwisho wake unaweza kuwa kukatwa mguu. Ukoma nao huua mishipa hiyo. Mtakatifu Damiani wa Molokai alitambua kwamba ameupata alipotia miguu katika maji ya moto asisikie kuungua.

Katika falsafa tunasoma kwamba, kwa Aristoteli, mnyama anaweza kuishi bila kuona au kusikia sauti, lakini hawezi kuishi bila mguso. Maumivu ni mjumbe. Mjumbe akifa, nani atapeleka habari?

Nchi nyingine zimeanza kutumia vihisi visivyo na waya. Ni vifaa vidogo vinavyowekwa ndani ya soksi au soli, ambavyo hupima joto au mgandamizo wa unyayo na kutuma vipimo kwenye simu kwa mawimbi ya redio. Haviponyi mishipa, vinafanya kazi ambayo mishipa imeiacha. Kabla kidonda hakijafunguka, nyama iliyoumia hupata joto. Sehemu ya mguu mmoja ikiizidi sehemu ileile ya mguu wa pili kwa nyuzi 2.2 za Selsiasi siku mbili mfululizo, mgonjwa hushauriwa kuupumzisha mguu na kumwona mhudumu wa afya.

Kwa wengi wetu vifaa hivyo bado viko mbali. Lakini kuna kipimo rahisi: uzi wa nailoni, mfano wa mshipi wa kuvulia samaki, unaopinda ukikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Mgonjwa hufumba macho, muuguzi hugusa unyayo kwa uzi huo na kumwuliza kama anasikia. Hapa Tanzania, Dkt. Zulfiqarali Abbas aliongoza mradi wa Step by Step, uliowafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Ukienda kliniki ya kisukari, vua viatu na uombe miguu ipimwe.

Nyumbani pia tunaweza kuwa wajumbe. Kagua nyayo kila jioni. Usiyeweza kuinama, tumia kioo au mwite mtu. Ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Pima maji ya kuoga kwa kiwiko. Usitembee peku, hata uani.

Kidonda cha yule mzee kilipona baada ya wiki kadhaa. Siku hizi, kabla ya sala ya jioni, mjukuu wake huwasha tochi ya simu na kumkagua miguu yote miwili. Je, katika jumuiya yako, nani anahitaji macho yako?