Kongwe, Fupi, Ngumu: Lugha Gani ya Kompyuta Uanze Nayo?

"Mjomba, nianze na lugha gani?" Hapa Makole, Dodoma, swali hilo halikauki. Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, mwenye simu moja na bando la kubana. Amewasikia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakibishana kuhusu Java na Python kwa moto uleule wa Simba na Yanga, naye anaogopa kuchagua vibaya. Basi leo nazipanga lugha hizo kwa rekodi zake, maana kila rekodi ina jambo la kumfunza anayeanza.

Kongwe kuliko zote zinazotumika hadi leo ni Fortran. Ilitolewa na IBM mwaka 1957, kazi ya John Backus na wenzake, na wataalamu wa hali ya hewa bado wanaitegemea kwa hesabu zao nzito. Sisi wakati huo hatukuwa hata na uhuru. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali, baada ya kuona fedha nyingi zimekwenda na tija haionekani, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta. Baba zetu hawakuwa na swali la kuchagua lugha, kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kuiandikia. Kijana wa leo anayo mfukoni.

Ya kwanza kupata umaarufu kwa kutungwa makusudi kwa ajili ya wasiojua kitu ni BASIC. Programu yake ya kwanza iliendeshwa saa 10 alfajiri, tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth, Marekani. John Kemeny na Thomas Kurtz walitaka mwanafunzi wa historia au fasihi naye aitume kompyuta kazi, asiachiwe mwanahisabati peke yake. Mimi nawaheshimu sana wazee hawa wawili. Waliamini kwamba kompyuta ni ya kila mtu, wakati kompyuta moja ilikuwa inajaza chumba.

Iliyotungwa upesi kuliko zote kati ya lugha kubwa ni JavaScript: Brendan Eich aliitengeneza kwa siku 10 tu, Mei 1995. Alama za haraka ile zimebaki. Ukijumlisha "5" iliyo ndani ya nukuu na 1, inakupa 51. Ukitoa 1 kwenye "5" hiyohiyo, inakupa 4. Anayeanza akikutana na jambo hilo peke yake usiku, anaweza kudhani hana akili. Lakini ndiyo lugha iliyo karibu na watu wengi zaidi, kwa sababu kila kivinjari cha simu tayari kinaielewa. Mwenye ndoto ya kutengeneza tovuti hatamaliza safari bila kupita kwake.

Ngumu kuliko zote ni Malbolge ya mwaka 1998, iliyobuniwa ili ishindikane. Hata programu yake ya kwanza haikuandikwa na mtu. Ilitafutwa na kompyuta. Tuipite.

Kwa urefu wa maneno, Java imesumbua wengi. Kwa mtindo wake wa jadi, kuandika salamu moja kwenye kioo kunahitaji mistari mitano yenye mabano ndani ya mabano, na mwanafunzi huambiwa, "Haya mengine utayaelewa baadaye." Sikubaliani na kumwanzisha mtu kwa kumkaririsha. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, inamaliza kazi ileile kwa mstari mmoja. Oktoba 2021 ilishika namba moja kwenye orodha ya TIOBE ya umaarufu wa lugha za programu, nafasi ambayo kwa miaka 20 ilikuwa ya C na Java peke yake.

Mpwa wangu alianza na Python, kwenye simu. Mama yake anauza zabibu, na programu yake ya kwanza ilikuwa mistari mitatu: bei = 3000, kisha kilo = 12, kisha print(bei * kilo). Mara ya kwanza akasahau mabano ya kufunga. Kompyuta ikagoma, ikamwonyesha mstari wa 3 na kumwambia kuna mabano yaliyofunguliwa bila kufungwa. Akaongeza alama moja. Ikatoka 36000. Akamwita mama yake aje kuona.

Iliyo karibu zaidi na ulimi wetu ni Nuru, lugha ya programu iliyojengwa kwa maneno ya Kiswahili. Hesabu ileile ya zabibu unaianza kwa "fanya bei = 3000", unaimaliza kwa "andika(bei * 12)". Sharti ni "kama", kinyume chake ni "sivyo". Nimeona mtu aliyekwama kwenye Kiingereza akielewa sharti kwa dakika chache, kumbe kilichomzuia hakikuwa mantiki. Vitabu vyake ni vichache na ajira zake bado hazijaja, kwa hiyo naitumia kwa siku za mwanzo, kuwasha taa tu. Kwa mtoto wa shule ya msingi ipo Scratch ya MIT, ya kupanga vipande vya rangi, nayo ina Kiswahili.

Hukumu yangu ni Python. Kijana wa Makole, pakua Pydroid, programu ya kuandikia Python kwenye simu, siku ukiwa na bando. Ikishaingia, hesabu kama zile itazifanya bila mtandao. Kaa na lugha hiyo moja kwa miezi sita, hata wenzako wakikucheka. Na usianze na mfano wa kitabuni: anza na hesabu ya biashara ya nyumbani kwenu, leo jioni.