Kabla ya kumwita fundi, rekebisha picha ya runinga yako mwenyewe

Hebu leo jioni fanya jambo moja. Taarifa ya habari ya saa moja ikianza, usiisikilize kwanza. Mtazame mtangazaji usoni. Je, huo ni uso wa mtu unayeweza kukutana naye akitembea Barabara ya Kenyatta pale Nakuru, au ni uso wa rangi ya chungwa unaong'aa kama uliopakwa mafuta? Kisha tazama koti lake jeusi. Unaiona kola na vifungo, au ni doa jeusi tu lenye kichwa juu yake?

Ikiwa majibu hayakukufurahisha, usikimbilie kumwita fundi wala kuanza kuweka akiba ya runinga mpya. Huenda runinga yako ni nzima kabisa. Kasoro iko katika jinsi ilivyopangwa, na aghalabu aliyeipanga si wewe. Ilipangwa kiwandani ili ing'ae kuzishinda jirani zake kwenye rafu ya duka, chini ya taa kali, mahali ambapo kila runinga inapigania jicho la mnunuzi. Sebule yako ya Section 58, Lanet au Kaptembwo si duka.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hayo kwa uchungu kidogo. Desemba moja tulikusanyika nyumbani kwa mama, upande wa Njoro, tukachomeka flashi yenye video ya harusi ya dada yetu ya mwaka 1996, iliyonakiliwa kutoka kwa kanda ya zamani. Baba alifariki miaka michache baada ya harusi hiyo, na wengi wa wajukuu hawakumjua. Alipotokea akimsindikiza bibi harusi, tuliona koti, na juu ya koti, giza. Mjukuu mmoja akauliza huyo ni nani. Mama akasema, "Mbona mzee wangu amekuwa kivuli?"

Fundi aliyeitwa siku iliyofuata alitazama kwa dakika mbili, akatangaza kwamba kioo kimekwisha. Bei aliyotaja ilikaribia ile ya runinga mpya. Alipoondoka nilichukua rimoti, nikaingia kwenye menyu, nikapandisha namba moja kutoka 38 hadi 52. Baba akatokea: paji la uso, masharubu, na kalamu mbili mfukoni kama ilivyokuwa desturi yake. Hakuna kioo kilichonunuliwa.

Zamani kila mtu alikuwa fundi

Waliokulia mashambani katika miaka ya 1990 wanaikumbuka Great Wall ya inchi 14, ile isiyokuwa na rangi, iliyotumia betri ya gari. Kijana mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti wa antena, mwingine dirishani akipiga kelele, "Hapo! Hapo! Aa, umepitisha!", naye mzee mwenyewe amekaa karibu na vile vitufe vya kuzungusha, akiongeza hiki na kupunguza kile. Picha ilirekebishwa kila jioni, la sivyo hakuna aliyeona kitu.

Tangu mitambo ya analojia izimwe nchini mwaka 2015 na ving'amuzi kushika nafasi yake, picha ama huja safi ama haiji kabisa. Vitufe navyo vilihamia ndani ya menyu, na watu wakaacha kuvigusa. Runinga hutolewa kwenye katoni, huwekwa ukutani na kubaki vile ilivyotoka dukani hadi itakapokufa. Hata zile zilizotumika Uingereza na kuuzwa hapa kwa bei nafuu, ambazo wanafunzi wengi hupenda kwa vyumba vyao vya kukodi, huenda bado zina mpangilio wa nyumba ya mtu wa London. (London ya Uingereza, si ule mtaa wetu.)

Tutenganishe mambo mawili kabla ya kuendelea. Picha ikikatikakatika vipande vya mraba au ikiganda mtangazaji akiwa mdomo wazi, hilo ni tatizo la mawimbi: antena, kebo, au mlima uliosimama kati yako na mtambo. Mawimbi hayo hayapendi kupinda, na rimoti haiwezi kuuhamisha Menengai. Na kona moja ya kioo ikiwa na giza daima, huenda taa za ndani zimeungua. Hapo kweli fundi anahitajika. Usifungue mgongo wa runinga wewe mwenyewe, hasa zile za zamani zenye kichogo, kwani huhifadhi umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa.

Subiri giza liingie

Usirekebishe picha saa nane mchana huku jua la Bonde la Ufa likimwagika kwenye kioo. Irekebishe wakati ambao familia yako hutazama hasa, taa zikiwa zimewashwa na mapazia yakiwa kama kawaida. Hapa sisi tuna bahati. Nakuru iko karibu sana na ikweta, na jua letu hutua karibu na saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, tofauti ikiwa kama nusu saa tu. Mkazi wa London ya kule huona jua likitua kabla ya saa kumi alasiri mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni. Kwake taarifa ya jioni huja gizani miezi fulani na juani miezi mingine. Wewe ukiirekebisha leo saa moja usiku, umeirekebisha kwa mwaka mzima.

Iache runinga iwake kwa nusu saa hivi ili taa zake zitulie. Chukua daftari uandike namba zote unazozikuta, ili ukipotea uweze kurudi nyumbani. Kisha tafuta mahali pa hali ya picha, palipoandikwa Picture Mode. Yaelekea utakuta Vivid, Dynamic au Standard. Chagua Movie, Cinema au Filmmaker. Usishtuke picha ikionekana imefifia na kuwa na umanjano, tutafika huko. Zima pia kile kinachopunguza na kuongeza mwanga chenyewe, ambacho mara nyingi huitwa Eco, maana huwezi kupima kitu kinachosogea.

Sakafu na dari

Sasa tunakuja kwa neno ambalo limewapotosha watu wengi kuliko yote: Brightness. Wengi hudhani huongeza mwanga. La hasha. Katika runinga nyingi, namba hii hushughulikia weusi, yaani huamua giza lianzie wapi. Contrast nayo hushughulikia weupe. Fikiria chumba: Brightness ni sakafu, Contrast ni dari. Ukiishusha sakafu kupita kiasi, kila kilicho chini kinatumbukia shimoni. Huko ndiko alikokuwa baba yetu. Ukiipandisha mno, usiku wote unageuka ukungu wa kijivu kama alfajiri ya Molo.

Weka filamu ambayo ina mistari mipana myeusi juu na chini ya picha, nawe utafute tukio la usiku au mtu aliyevaa suti nyeusi. Pandisha Brightness hadi mistari hiyo ianze kuwa kijivu, halafu shuka polepole hadi iwe nyeusi tena, na usimame hapo hapo. Mikunjo ya suti na nywele za watu zionekane. Katika baadhi ya runinga za miaka ya karibuni jina Brightness limepewa taa za nyuma, na weusi ukaitwa Black Level. Utajua kwa kutazama: ukisogeza namba na mashati meupe yakabadilika sana pamoja na kila kitu, hiyo ni taa, si weusi.

Contrast irekebishe kwa kutazama kitu cheupe chenye mikunjo, kwa mfano gauni la bibi harusi. Gauni likiwa bapa jeupe lisilo na kitambaa, umezidisha. Shusha hadi lesi na mikunjo irudi.

Taa za nyuma, yaani Backlight, ni za kuridhisha macho tu. Ziweke kiasi cha kutokulazimisha kukunja uso usiku. Katika runinga ya LED, hizo ndizo zinazokula stima nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hivyo kuzipunguza ni faida pia kwa anayenunua tokeni.

Shati lililotiwa buluu

Tulisema utaona umanjano. Unakumbuka mama alivyokuwa akitia buluu ya kufulia kwenye maji ya mwisho ya shati la shule? Shati lilitoka likionekana jeupe kuliko jeupe lenyewe, lakini ukilitazama vizuri lilikuwa na ubuluu. Viwanda vya runinga hufanya vivyo hivyo. Palipoandikwa Colour Temperature, Cool ni shati lililotiwa buluu. Warm ndiyo hukaribia weupe ambao watengenezaji wa filamu na vipindi wamekubaliana kuutumia, wa kelvini 6,500, unaofanana na mwanga wa kawaida wa mchana. Kadiri kelvini zinavyopanda, ndivyo weupe unavyoelekea kwenye ubuluu. Chagua Warm na uvumilie siku tatu au nne. Jicho lako likishazoea, jaribu kurudi kwenye Cool uone vile watu wote watakavyoonekana kama waliotolewa kwenye friji.

Na hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi hasa. Kwa miaka mingi, sura iliyotumiwa kupimia rangi haikuwa ya mtu mweusi. Kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na rangi ilirekebishwa hadi yeye apendeze. BBC nayo ilianza mwaka 1967 kuonyesha kadi ya majaribio yenye picha ya msichana Carole Hersee akiwa na kikaragosi chake ubaoni, nayo ikasambaa katika nchi nyingi. Sura yenye weusi ilibaki kujitafutia nafasi gizani.

Basi usipime kwa sura usiyoijua. Mketishe nyanya, mjomba au mtoto kivulini mchana, mlangoni pa nyumba, umpige video ya dakika moja kwa simu. Avae leso au shati lenye nyekundu halisi. Ipitishe video hiyo kwa flashi hadi kwenye runinga, na mwenyewe akae kando ya kioo. Kamera ya simu huwa na uongo wake mdogo, lakini utaona kwa jumla. Anza na Colour ikiwa chini, pandisha polepole. Nyekundu ndiyo husaliti mapema: ikianza kuvuja nje ya mpaka wa leso, rudi nyuma. Ngozi ionekane ni ya mtu huyo aliyekaa hapo, ikiwa maji ya kunde iwe maji ya kunde, ikiwa nyeusi iwe nyeusi yenye uhai. Heroe, wale flamingo wa Ziwa Nakuru ambao wengi walihamia Bogoria maji yalipofurika miaka ya 2010, wana waridi hafifu. Runinga ikiwaonyesha kama waliopakwa rangi ya kucha, punguza.

Tint au Hue iache katikati. Ni urithi wa Marekani, ambako mfumo wa NTSC uliruhusu rangi kupotoka hewani hadi nyuso zikawa za kijani. Kenya ilifuata PAL, uliobuniwa na Mjerumani Walter Bruch wa Telefunken mapema miaka ya 1960, ambao ulijirekebisha wenyewe.

Sharpness wengi huipenda sana, na ndiyo inayoharibu. Tazama maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari: ukiona kila herufi imezungukwa na uzi mweupe, huo hautoki studioni, umechorwa na runinga yako. Shusha, hata ikifika sifuri. Vilevile kile kinacholainisha mwendo, ambacho hufanya filamu nzuri ionekane kama igizo la bei rahisi: kizime kwa filamu, ukitaka kiache kidogo kwa mpira, mjadiliane nyumbani.

Mwisho tazama umbo. Kanda za zamani zilipigwa kwa kioo cha nne kwa tatu, na runinga za sasa huzivuta zijae kioo cha kumi na sita kwa tisa. Tulipomrudisha baba kutoka gizani, mama alitazama tena akasema hakuwa mnene hivyo. Kweli. Tuliweka 4:3, pande mbili zikabaki nyeusi, na mzee akawa mwembamba kama tulivyomjua. Mama aliomba tukirudishe hicho kipande mara tatu.

Runinga nyingi huhifadhi namba za kila tundu kivyake, kwa hivyo ulichofanya kwenye flashi kirudie kwenye king'amuzi. Namba ukishazipata, ziandike kwenye karatasi na uibandike nyuma ya runinga kwa selotepu. Siku watoto watakapochezea rimoti, au mtu atakaporudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, utazirudisha kabla ya habari kuanza.