Mkimbizi si mhamiaji haramu

Mtu akishuka mwaloni Katonga, Kigoma, akitokea Burundi au Kongo, mtaani ataitwa mkimbizi, mhamiaji au haramu, lolote litakalotangulia mdomoni. Sheria haichanganyi hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 humtambua mkimbizi kwa kile kilichomwondoa kwao. Imefuata Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, unaomlinda anayehofia kuteswa kwa sababu ya asili yake, dini au siasa, pamoja na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, unaomhesabu pia anayekimbia vita au machafuko. Ndiyo maana mwaka 2015, maelfu ya Warundi walipofurika kijiji cha Kagunga na meli ya MV Liemba ikawa inawavusha hadi Kigoma mjini, kukosa pasipoti hakukuwaondolea haki ya kuomba hifadhi. Hapo kati kuna neno lisilosikika sana sokoni: mwomba hifadhi. Huyu anatakiwa kujitokeza kwa ofisa ndani ya siku 7 tangu aingie, kisha asubiri uamuzi. Anayeingia bila kibali wala dai la hifadhi, huyo ndiye wa kuitwa mhamiaji haramu.

Wapo wanaosema baadhi hujificha nyuma ya ukimbizi ili wafanye biashara. Linawezekana, na ndiyo kazi ya uchunguzi. Lakini uchunguzi huo ni wa mamlaka, baada ya kumsikiliza mhusika. Jirani aliyesikia lafudhi hana ushahidi, hasa Kigoma, ambako Kiha na Kirundi ni lugha ndugu na raia wa Kasulu anaweza kudhaniwa Mrundi. Wapo pia waliokuwa wakimbizi kweli na sasa si wakimbizi tena. Warundi zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Kuendelea kuwaita wakimbizi ni kuwanyima kwa maneno kile walichopewa kisheria.

Wengine watasema maneno ya mtaani hayamdhuru mtu. Yanamdhuru, kwa kuwa taarifa nyingi huanzia kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa. Akisema kaona mhamiaji haramu, wanaokuja ni Uhamiaji. Akisema kuna mtu anaomba hifadhi, suala ni la Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Idara zote mbili ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ila moja inaweza kumfikisha mtu huyo mahakamani, nyingine kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.