Aliyehesabu furu kabla hawajatoweka

Furu wa Ziwa Victoria hawakuwahi kuwa na heshima sokoni. Wengi ni wadogo kuliko kiganja, wana miiba mingi, na katika miaka ya 1970 Mwanza ilikuwa na kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Samaki hao ndio aliowachagua Frans Witte, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Kuanzia mwaka 1977 kikundi chake cha utafiti, HEST, kilivuta nyavu za kukokota katika Ghuba ya Mwanza, kikirudia maeneo yale yale, kisha kikatenganisha samaki kwa spishi, kupasua matumbo kuona walichokula na kuandika majira yao ya kuzaa. Witte aliendelea na furu hadi alipofariki mwaka 2013. Ilipoanza, wengi wangeiona kazi hiyo haina tija, lakini bila hiyo tusingejua ziwa limepoteza nini, wala kwa sababu gani.

Chini ya jina hilo moja la furu mlikuwa na spishi zinazokadiriwa kuzidi 500. Wapo waliokula mwani, waliokula wadudu, waliowinda samaki wenzao, na waliovunja makombe ya konokono kwa taya za kooni. Katika uchunguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa kilindini ilikuwa furu. Spishi moja iliyoelezwa kisayansi mwaka 1985 ilipewa jina la Mwalimu Nyerere: dume lake lina mgongo mwekundu, ilhali dume wa spishi ya jirani ni wa buluu. Majike huchagua kwa rangi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka kwa mbolea na majitaka, mwanga hufifia, rangi hazitofautiki na spishi huanza kuchanganyika.

Lililofuata linajulikana. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka ghafla katika Ghuba ya Mwanza miaka ya 1980, na furu wakakaribia kwisha kabisa katika nyavu za watafiti. Spishi zipatazo 200 zinadhaniwa kutoweka. Wapo wanaosema sangara anasingiziwa, kwa kuwa uvuvi wa nyavu za kukokota na uchafuzi wa maji navyo viliwaangamiza furu. Wana hoja, lakini hoja yenyewe imesimama juu ya hesabu za kina Witte, maana ndizo zilizoonyesha kuwa furu walikuwa wamepungua mahali palipokokotwa sana hata kabla sangara hajashamiri. Mwenye duka asiyehesabu mali yake hawezi kujua kilichoibwa, seuze kumtaja mwizi.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo na mfuko. Sangara ameleta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni. Kwa nini tuomboleze visamaki vya miiba? Faida hiyo ni ya kweli na hakuna sababu ya kuibeza. Ila sangara huyo huyo alishiba kwa furu, na walipokwisha akageukia uduvi, dagaa na hata watoto wake mwenyewe. Afya nayo imo. Konokono wa maji baridi hubeba vimelea vya kichocho, na huko Cape Maclear, Ziwa Nyasa, watafiti wamehusisha kupungua kwa samaki walao konokono na kuongezeka kwa ugonjwa huo. Haifuati kwamba Ziwa Victoria limepitia njia hiyo hiyo, lakini ni onyo kwa anayedhani samaki asiyeuzika hana kazi.

Wengine watauliza: kuhesabu kuliokoa samaki gani? Hakukuzuia maangamizi, ni kweli. Hata hivyo, sangara alipopungua kwa kuvuliwa mno katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walirejea, na waliorejea hawakuwa sawa na wa zamani. Spishi moja ilikuwa na matamvua yaliyopanuka kwa zaidi ya nusu, mabadiliko yanayosaidia kupumua katika maji yenye oksijeni kidogo, na yalitokea ndani ya miongo miwili tu. Yalijulikana kwa kuwa samaki wa miaka ya 1970 walikuwa wamehifadhiwa kwenye spiriti, wakaweza kupimwa upya.

Wengi wa samaki hao wamehifadhiwa Leiden, si Mwanza, na hapo ndipo lawama kwamba utafiti huu ni wa wageni ina uzito. Dawa yake ni sisi kugharimia hesabu zetu wenyewe. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, ina kituo Mwanza na inahitaji bajeti ya kudumu ya kupima maeneo yale yale kila mwaka, hata mwaka ambao hakuna jipya. Serikali ikisubiri samaki waadimike ndipo itenge fedha, itakuwa imechelewa kujua walikuwa wangapi.