Safari za Miritini Huhesabiwaje Kabla Barabara Haijajengwa?

Mara kwa mara huonekana watu waliovaa vizibao vya kung'aa wakiketi kando ya barabara kuu ya Nairobi, simu au karatasi mkononi, wakihesabu kila kinachopita. Wapo wanaodhani ni maafisa wa trafiki. Wengine huingiwa na wasiwasi kwamba nyumba zao ziko karibu kubomolewa. Kwa kawaida kazi ya watu hao ni kukusanya takwimu za kukadiria watu na magari yatakayopita hapo miaka 10 au 20 ijayo. Makadirio hayo husaidia kuamua barabara iwe na njia ngapi, daraja la wapita njia liwekwe wapi, steji ipewe nafasi kiasi gani, na fedha za umma zianzie wapi. Safari isiyohesabiwa leo ni vigumu kupata nafasi yake kwenye mchoro wa kesho.

Njia ya zamani ya kukadiria ni rahisi. Unahesabu magari ya leo, unaongeza asilimia fulani kila mwaka, unapata jibu la mwaka 2040. Kwa barabara ya mtaani inayotoka steji hadi shuleni, huenda hesabu hiyo ikatosha. Kwa Miritini haitoshi.

Tarehe 31 Mei 2017 reli ya SGR ilizinduliwa, na stesheni yake ya Mombasa ikawekwa hapa Miritini badala ya kisiwani. Hesabu ya magari ya mwaka uliotangulia isingeweza kuonyesha abiria wanaoshuka kwa mkupuo mmoja na mabegi yao, kila mmoja akitafuta matatu, teksi au tuktuk ya kwenda mjini, Nyali au Likoni. Mwaka 2018 kipande cha kwanza cha barabara ya Dongo Kundu kikafunguliwa kutoka Miritini hadi Mwache, pamoja na tawi la kuelekea Kipevu bandarini. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yasafirishwe kwa reli, amri iliyozua maandamano Mombasa kwa sababu riziki ya madereva wa malori, mafundi wa tairi na mama ntilie wa kando ya barabara ilikuwa hatarini. Septemba 2022 Rais mpya akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini Mombasa. Yote hayo yalitokea ndani ya miaka isiyofika sita, na hakuna hata moja ambalo lingejulikana kwa kuongeza asilimia 3 au 5 juu ya hesabu ya mwaka jana.

Ndiyo maana wapangaji wa usafiri hutumia modeli, yaani hesabu ndefu ya kompyuta inayojaribu kuiga maamuzi ya wasafiri. Modeli si ramli. Huulizwa swali lenye sharti: iwapo reli itabeba nusu ya makontena, barabara itakuwaje? Na iwapo haitabeba?

Mtindo uliozoeleka ulikuzwa katika miji ya Marekani kama Detroit na Chicago miaka ya 1950, nao huenda kwa hatua nne. Kwanza eneo hugawanywa katika kanda ndogo, kisha hukadiriwa kila kanda itatoa safari ngapi. Hapo sensa ndiyo msingi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, wakiwemo 163,415 wa kaunti ndogo ya Jomvu ambamo Miritini imo. Hata hivyo idadi ya watu peke yake haitoshi, kwa kuwa nyumba yenye wafanyakazi wawili na watoto watatu wa shule hutoa safari nyingi kuliko nyumba ya mzee anayeishi peke yake. Hatua ya pili huuliza safari hizo zinaelekea wapi: viwanda vya Changamwe, bandari, soko la Kongowea, hospitali ya Makadara. Penye kazi na huduma nyingi huvuta watu. Umbali na nauli huwarudisha nyuma.

Hatua ya tatu ndiyo yenye utamu, maana inahusu chombo ambacho mtu atachagua. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkaazi wa Miritini anayefanya kazi mjini anaweza kupanda matatu kwa shilingi 80 na kufika kwa dakika 60, au treni ya mtaani kwa shilingi 50 na dakika 25. Treni inaonekana imeshinda. Sasa ongeza dakika 20 za kutembea hadi stesheni, dakika 25 za kusubiri, na giza la saa kumi na moja alfajiri kwa mwanamke anayetembea peke yake. Treni imeshafika dakika 70, tena zenye hofu ndani yake. Wengi watabaki na matatu inayosimama karibu na mlango wao. Modeli nzuri hupima dakika ya kusubiri kuwa nzito kuliko dakika ya kukaa kitini, kwa sababu ndivyo msafiri anavyoihisi.

Mwanauchumi Daniel McFadden ndiye aliyeiweka hatua hii juu ya msingi imara. Kabla ya treni ya BART kuanza kazi katika eneo la San Francisco mwaka 1972, makadirio rasmi yalisema asilimia 15 ya wasafiri wa kazini wangeitumia. McFadden na wenzake waliwauliza wasafiri wenyewe kuhusu muda na gharama zao, wakapata asilimia 6.3. Treni ilipoanza, hesabu halisi ikawa asilimia 6.2. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Hatua ya nne hugawa magari barabarani. Zamani aliyetoka Nairobi kwa gari kwenda Diani alilazimika kupita mjini na kupanga foleni ya feri ya Likoni. Dongo Kundu inampa njia ya kugeuka hapa Miritini na kufika upande wa Kwale bila kukanyaga feri. Basi msongamano wa feri ukipungua, sehemu yake inaweza kuhamia kwenye makutano yetu. Tena barabara mpya huzaa safari ambazo hazikuwapo: mtu aliyekuwa akiahirisha kwenda kumtembelea nduguye Msambweni sasa huenda kila mwezi.

Modeli za kisasa zaidi humfuata mtu siku nzima badala ya kuhesabu safari mojamoja. Mama humpeleka mtoto shule, anapitia Kongowea kununua mboga, anafungua kibanda chake, jioni anampitia mtoto madrasa. Nauli ya asubuhi ikipanda, huenda akaacha safari ya soko, wala si ya shule. Mtindo wa hatua nne haumwoni mama huyu. Huona vipande vinne vya safari visivyojuana. Lakini modeli kama hizo hudai takwimu nyingi, na hapo ndipo miji yetu hukwama. Nairobi ilipata ramani ya kidijitali ya njia zaidi ya 130 za matatu mwaka 2014 tu, baada ya wanafunzi na watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kupanda matatu wakiwa na simu na kunakili kila steji.

Takwimu za minara ya simu nazo husaidia kuonyesha umati unatoka wapi na unaenda wapi. Haziwezi kueleza kwa nini, na mtoto asiye na simu hazimwoni kabisa.

Makosa hutokea, tena makubwa. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake uliochapishwa mwaka 2005 ulichunguza miradi 210 katika nchi 14. Katika miradi 9 kati ya 10 ya reli, abiria waliotabiriwa walikuwa wengi kuliko waliokuja, na kwa wastani makadirio yalizidi maradufu ya hesabu halisi. Kwa nusu ya barabara, makadirio yalikosea kwa zaidi ya asilimia 20 juu au chini. Kompyuta si ya kulaumiwa peke yake. Wakati mwingine anayekadiria ni yule yule anayetaka mradi upite.

Kosa lingine ni la kimya zaidi. Utafiti wa mpango mkuu wa usafiri wa Nairobi uliokamilika mwaka 2006 kwa ushirikiano na shirika la JICA la Japani ulikuta karibu nusu ya safari zote ni za miguu. Anayehesabu magari tu huwaacha watu hao nje, kisha barabara pana hukatiza kati ya nyumba na shule bila kivuko. Vilevile hesabu ya wiki moja ya Ramadhani, au ya likizo ya Desemba, haifanani na wiki ya kawaida ya Mombasa, kwa hiyo tarehe ya hesabu ina uzito wake.

Katiba inataka wananchi washirikishwe katika maamuzi kama haya. Mradi wa barabara ukiletwa kwenye kikao cha wadi, uliza takwimu zilichukuliwa mwezi gani na mwaka gani, kama waendao kwa miguu, bodaboda na tuktuk walihesabiwa, na kama malori yalikadiriwa kwa hali zote mbili, ya reli na ya barabara. Omba pia kuonyeshwa makadirio ya chini, si yale ya juu pekee.

Na anayefanya utafiti akibisha hodi, mweleze safari za jana za kila aliyelala nyumbani humo, hata ya mtoto aliyetumwa dukani na ya kijana wa zamu ya usiku. Ana haki ya kuuliza ulitoka saa ngapi, ulienda wapi, ulitumia chombo gani na ulilipa kiasi gani. Nawe una haki ya kumtaka aonyeshe kitambulisho cha kazi na kueleza taarifa zako zitatumiwaje, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Nambari ya siri ya M-Pesa haihusiki na hesabu ya barabara. Akiiomba, usimpe, na upige ripoti kwa msimamizi wa wadi au kituo cha polisi kilicho karibu.